Darubini Niliyomchagulia Baba

Mie nina wasiwasi wa kuzaliwa nao. Nikifunga mlango narudi kuutikisa, nikizima jiko narudi kulinusa, na nikishampa mteja dawa namwita tena akiwa amefika barabarani, anisomee alichobeba. Wenzangu wa duka la dawa pale Mbagala wameshanizoea, siku hizi wananicheka tu. Kwa hiyo mtu asishangae nikisema nilitumia miezi saba kuchagua darubini. La kushangaza ni kwamba niliichagua vizuri, na bado ikaja kuniumiza.

Darubini yenyewe haikuwa yangu, ilikuwa ya baba. Baba alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha nguo kule Temeke, na kwa zamu za usiku za miaka ile alijifunza anga. Joto la mashine likimzidi anatoka nje, anasimama ukutani, anatazama juu mpaka jasho likauke. Umeme ukikatika nyumbani, watoto wa wenzake wakigaragara na joto ndani, mie ananitoa uani. Ile inayometameta, nyota. Ile iliyotulia, sayari. Ananitajia Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali utadhani ni majirani zetu wa nyumba ya pili. Mshtarii ndiye aliyempenda zaidi, kwa sababu injinia mmoja kiwandani aliwahi kumwambia kwamba ana miezi minne mikubwa, na kwamba ukiwa na darubini unaiona imepangana kwa mstari. Baba alikuwa na hamu ya kuiona miezi hiyo tangu mie sijaanza shule.

Lakini mtaani baba alijulikana kwa mwezi mwingine. Msikiti wetu ni mdogo na una msimamo wake: haungoji tangazo la redioni, unafuata mwezi ulioonekana kwa macho ya watu wake. Siku ya ishirini na tisa ya Ramadhani, kabla jua halijazama, wazee wanapanda juu ya ghorofa moja ambalo halijawahi kumalizika, nondo zimechomoza, na wanatazama magharibi. Mwezi ukionekana, kesho Idi. Usipoonekana, watu wanafunga siku ya thelathini. Na kwa miaka zaidi ya ishirini jicho lililoaminika pale juu lilikuwa la baba. Akisema "Ule pale," watu wanaanza kupeana mikono kabla hawajauona wenyewe.

Halafu macho yakaanza kumwacha. Mie ninayewauzia watu matone ya macho kila siku ya Mungu nikawa wa mwisho kujua. Nilimwona anapiga ndoo teke, nikasema uzee. Nilimwona anamimina chai pembeni ya kikombe, nikasema mawazo, maana mama alikuwa hajamaliza mwaka tangu atutoke. Siku nilipompeleka hospitali daktari akaniambia ni presha ya macho, na kwamba imeshakula pembeni kote. Katikati amebakiwa na tundu tu, anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa. Kilichokwenda hakirudi, matone ni ya kulinda kilichobaki. Nikamuuliza hilo tundu litakaa muda gani. Akasema, "Tutajitahidi." Neno hilo nalijua, na mie hulitumia dukani.

Usiku huo sikulala, na ndipo wazo liliponijia. Darubini nayo si tundu? Huhitaji kuona pembeni. Unaweka jicho pale, na kitu kinachotakiwa kipo katikati, kikubwa, kimeletwa karibu. Baba angeweza kumwona Mshtarii na miezi yake kabla tundu halijaziba. Nikawa na sababu ya kuhangaika mchana na usiku, na nikahangaika kweli.

Nilianzia Kariakoo. Kijana wa duka akanitolea boksi lenye picha ya sayari za rangirangi, limeandikwa kwa maandishi makubwa kwamba inakuza mara mia tano na zaidi.

"Sista, hii unaona mpaka malaika," akasema.

"Malaika waache walipo," nikamwambia. "Mie nataka Mshtarii."

Akaisimamisha kwenye miguu yake mitatu myembamba. Nikaigusa kwa kidole kimoja. Ikatikisika, ikaendelea kutikisika mpaka nikamaliza kumuuliza bei. Kwa wakati ule nilikuwa nimeshasoma sana, nimeshaingia kwenye kundi la wapenda nyota kwenye simu na kuwachosha kwa maswali. Nilijua kwamba hesabu ya kukuza ni ya kuuzia watu tu. Kinachofanya kazi ni upana wa kioo kinachokusanya mwanga, na kitako kisichotetemeka. Ukikuza sana kwa kioo chembamba, unapata ukungu mkubwa. Na mtu aliyebakiwa na tundu dogo la kuonea, kitu kikitetemeka mbele yake ndiyo basi tena.

Kulikuwa na la mgongo pia. Baba hawezi kuinama. Darubini za lenzi za bei yangu zingemtaka ajikunje shingo kama anayetafuta sarafu chini ya kitanda. Nilitaka ile ya kioo cha ndani, pipa fupi nene linalokaa kwenye kibao cha mbao kinachozunguka, ambayo mahali pa kuchungulia pako ubavuni, juu. Ukiiweka kwenye stuli, mtu anakaa kitini na kuifikia akiwa amenyooka. Nikaipata Kinondoni, kwa mwalimu mmoja aliyekuwa anahama. Kioo chake kilikuwa na upana wa inchi sita. Nilikwenda kuitazama mara tatu kabla ya kuinunua. Mara ya tatu mwalimu mwenyewe akaniambia, kwa upole, kwamba kama naogopa niiache. Nikaichukua. Nilirudi nayo Mbagala kwa bajaji nimeipakata, kila tuta lililoturusha nikasema kioo kimekwisha.

Kioo kilifika kizima. Siku nne mawingu, ya tano anga likafunguka. Nikamketisha baba uani kwenye kiti cha plastiki, nikaiweka darubini kwenye stuli, nikamtafuta Mshtarii. Nilipompata nilishtuka mwenyewe. Kiduara cheupe chenye mistari miwili hafifu tumboni, na pembeni yake nukta nne zimepangana, mbili huku, mbili huku.

"Tayari, baba."

Akaweka jicho. Nilikuwa nimeziba mdomo kwa mtandio. Kisha akasema, "Naona."

"Unaona nini?"

"Namwona. Mweupe. Na vitoto vyake vinne."

Nikaingia jikoni nikalia. Nilikuwa nimechelewa kujua ugonjwa, lakini kwa hili nimewahi, ndivyo nilivyojiambia. Wiki tatu nilikuwa mtu mwingine. Hata mlango nilikuwa nafunga mara moja tu.

Kisha Ramadhani ikaingia, na wasiwasi ukarudi.

Darubini ile haina mota ya kuifuata sayari. Dunia inazunguka, na ukiiacha, sayari inateleza taratibu mpaka inatoka kabisa, kwa dakika moja au mbili hivi. Lazima mtu aisukume kidogo kidogo. Jioni moja baada ya tarawehe simu yangu iliita, nikaenda kuongea, nikakawia. Nilipotoka baba alikuwa bado ameweka jicho pale, ananisimulia jinsi Mshtarii alivyotulia. Nikamsogeza nichungulie. Hakukuwa na kitu, ni kiza kitupu. Nikajiambia ametoka sasa hivi. Jioni nyingine miezi iliyoonekana ilikuwa mitatu, wa nne umejificha nyuma ya sayari. Sikumwambia. Akasema anaiona yote minne. Nikajiambia ni mazoea. Lakini nilishaanza kuhesabu siku.

Maana kama baba haoni Mshtarii kwenye darubini, siku ya ishirini na tisa atapanda kule juu aone nini? Na hapo nikaukumbuka mwaka uliopita. Mwaka uliopita ugonjwa ulikuwa umeshakula, ila tulikuwa hatujaujua. Alipanda, akasema "Ule pale," mtaa mzima ukaamka Idi. Mitaa mingine ilikuwa imefunga, sie tunakula pilau. Watu walisema kila msikiti na mwezi wake, yakaisha. Mie sasa hayakuniishia. Dukani nikawa nakosea kuhesabu chenji ya watu, nawaza funga ya mtaa mzima imekaa kwenye jicho la baba yangu.

Siku tatu kabla ya siku yenyewe nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka najionea haya. Nilimketisha baba kitini kama kawaida. Nikaizungusha darubini mpaka mahali pasipo na chochote, juu ya paa la jirani, anga tupu. Nikasema, "Tayari, baba."

Akaweka jicho.

"Naona," akasema. "Leo yuko katikati kabisa."

Nikasema vizuri. Nilijiona mshenzi, mtu mzima na mwezi mtukufu, namtegea baba yangu mzazi mtego kama namtegea panya. Na juu ya ushenzi huo nilikuwa nimepata jibu, na sikujua nilifanyie nini. Nikimwambia, nimemvunjia heshima. Nikinyamaza, atapanda. Siku mbili nilizunguka nalo, futari naiacha sahanini.

Siku ya ishirini na nane, tumeshafuturu, nikamlaza kichwa kwenye mto nimtie matone, kama kila jioni. Nikamtia jicho la kulia. Nilipofika la kushoto akanishika mkono.

"Juzi uliniwekea anga tupu," akasema.

Nikaishusha chupa.

"Kila siku ukiitengeneza unainama wewe kwanza. Nakusikia unabana pumzi, halafu unaiachia, ndipo unaniambia tayari. Juzi hukuinama."

"Nisamehe, baba."

"Tia dawa kwanza."

Nikatia. Akafumba macho ili isitoke, na akawa anaongea amefumba hivyohivyo.

"Siku ya kwanza niliona kitu cheupe. Kilikuwepo, siongopi. Vile vitoto vyake uliniambia mwenyewe viko vinne. Baada ya hapo hata cheupe sikukiona. Ila wewe umeenda Kinondoni mara tatu kwa ajili yangu, umekonda kwa ajili ya hicho kidude. Ningekwambia nini?"

"Ungeniambia huoni."

"Ungeniambia twende hospitali. Wangetuambia watajitahidi."

Nilikuwa na swali moja tu, na nililiogopa kuliko maswali yote niliyowahi kuuliza. Nikaliuliza. "Na mwezi wa mwaka jana?"

Alifumbua macho, akayaelekeza darini.

"Kulikuwa na kitu kama mwanga. Wenzangu wote kimya, wananingoja mie. Nikasema ule pale. Nilipomaliza kusema tu nikajua sijauona. Lakini watu walishaanza kupeana mikono."

Ndipo nikaelewa Jumatatu zake na Alhamisi. Tangu Idi ile baba alikuwa anafunga kila wiki siku hizo mbili, na mie nilidhani ni sunna tu, nikawa nagomba naye kwa sababu ya dawa. Aliniambia hazikuwa sunna. Alikuwa anawalipia watu wa mtaa ile siku moja waliyokula kwa sababu yake. Ameanza na nyumba ya kwanza karibu na msikiti, anakwenda mtu mmoja mmoja, na bado hajafika hata kwenye kona.

"Baba, mtu mzima aliye hai halipiwi funga. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Najua," akasema. "Nimekosa cha kufanya, mwanangu."

Nilimwambia asipande kesho. Nitasema anaumwa, na si uongo, anaumwa kweli. Akakataa. Akasema akikaa nyumbani wataamini mwaka jana aliona, na mwaka huu uzee umemshinda tu. Lazima apande, na mie nimpeleke. Sikupata usingizi tena. Nilimpangia maneno ya kusema, kisha nikayafuta, kisha nikawaza wale wazee watamfanyaje. Baba hana mali. Alichokuwa nacho mtaani ni neno lake.

Kesho yake saa kumi na mbili jioni nikampandisha. Kulikuwa na watu kama kumi na wawili pale juu, na imamu, mtu mpole wa umri wangu. Baba akasalimiwa shikamoo na wadogo, wakubwa wakamwachia nafasi yake ya siku zote, upande wa magharibi. Jua likazama. Kulikuwa na mawingu mepesi chini, yamechanika chanika, na katikati yake vipande vya anga safi. Tukakaa tunatazama.

"Mzee, vipi?" imamu akauliza, kama alivyouliza kila mwaka.

Baba akageuka, akawapa mgongo magharibi.

"Macho yangu yamekwisha," akasema. "Na mwaka jana yalikuwa yameshakwisha. Sikuuona mwezi. Nilisema tu."

Nilimwona mzee mmoja akikaa chini kwenye matofali, taratibu. Mwingine, aliyekuwa akifanya kazi na baba kiwandani, akamuuliza, "Yaani tulikula?"

"Mlikula kwa ulimi wangu."

Hakuna aliyemtukana. Ningeona nafuu wangemtukana. Imamu alitazama saa yake, akatazama anga, akasema tuliangalie la leo kwanza maana mwanga unakwisha, hilo jingine lina wakati wake. Macho ya watu yakarudi magharibi, lakini mioyo yao niliijua haikuwa kule. Dakika zikaenda. Mmoja akasema anaona kitu, akasema hapana. Imamu akanigeukia.

"Dada, wewe una macho, na umezoea kutazama mambo ya juu. Unaona?"

Nikatazama. Naapa nilitazama kuliko nilivyowahi kumtazama Mshtarii. Kwenye mpasuko wa wingu palikuwa na uzi. Au ukingo wa wingu uliopigwa na mwanga wa mwisho. Ulikuwa umepinda, halafu kama haukupinda. Na nikajua kabisa kitakachotokea nikisema ndiyo. Wangeshuka hapo wanapiga takbira, watoto wangeanza kelele, nyama zingeanza kukatwa, na maneno ya baba yangezama kwenye Idi, pengine yasiibuke tena. Nikisema sijaona, kesho mtaa mzima utafunga siku ya thelathini ukiwa na njaa na mazungumzo ya jambo moja tu, mchana kutwa. Wote walikuwa wananingoja. Mdomo wangu ulishafunguka.

Nilitaka mno kuuona. Kadiri nilivyotaka, ndivyo ulivyozidi kupinda.

"Sijauona," nikasema.

Imamu akangoja mpaka wekundu ukafifia wote. Kisha akasema tunatimiza thelathini. Watu wakaanza kushuka, kila mtu na simu yake kuwaarifu wa nyumbani. Wengine walimpita baba bila kumsemesha. Yule wa kiwandani alisimama mbele yake kidogo, halafu naye akashuka.

Tukabaki wawili. Giza lilikuwa limeshaingia.

"Mwezi ulikuwepo?" baba akaniuliza.

"Sijui, baba. Kulikuwa na kitu."

Akaitikia kwa kichwa.

"Na mie kulikuwa na kitu," akasema.

Nikauweka mkono wake begani kwangu, nikatangulia. Ngazi za ghorofa lile hazina pa kushika, na moja imevunjika ukingo. Nikawa nashuka nikimhesabia kwa sauti, moja, mbili, tatu, na yeye nyuma anarudia kila namba baada yangu.